Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa New Zealand Rugby

MINT: RANJI WILSON NA TIMU YA JESHI YA 1919

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mwaka 2010 shirikisho lenu liliwaomba radhi wachezaji wa Kimaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, walioachwa nyumbani kwa sababu ya rangi yao timu zilipokwenda Afrika Kusini. Ulikuwa uungwana, japo wengi wa kuombwa radhi walikuwa wameshazikwa. Ila Nathaniel Wilson, mliyemwita Ranji, hakuwa Mmaori. Asili yake ilikuwa West Indies, visiwa vya Karibi, na Uingereza. Alifungiwa mlango uleule, na mapema zaidi.

Unaijua timu yenyewe, ile ya jeshi la New Zealand. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikwisha Novemba 1918, meli za kuwarudisha wanajeshi makwao hazikutosha, na askari wenu wakabaki Uingereza wakisubiri zamu. Wakapewa raga ili wasikae bure. Aprili 1919 waliwalaza Waingereza 9-3 pale uwanja wa Twickenham, London, wakatwaa Kombe la Mfalme, na Mfalme George wa Tano mwenyewe akawakabidhi. Wilson, fowadi aliyekuwa amekwisha kuichezea All Blacks, timu yenu ya taifa, mechi kumi za kimataifa kati ya 1908 na 1914, alikuwa mmoja wao.

Kisha ikapangwa wapitie Afrika Kusini wakielekea nyumbani. Wakuu wa raga wa huko hawakutaka Wamaori, basi Parekura Tureia, Mmaori wa timu hiyo, akaachwa. Wilson naye, kwa rangi yake, hakuchezeshwa hata mechi moja. Wenzake walicheza 15, wakashinda 11.

Wakuu wale wa Afrika Kusini wala hawanishangazi. Kinachonikera ni jeshi. Mtu amevaa sare yenu, amewachezea mbele ya Mfalme, halafu neno moja kutoka ng'ambo linatosha kumweka kando, na ziara inaendelea kama kawaida! Hapo ndipo mazoea yalipoanzia. George Nēpia, Mmaori wa All Blacks, alipoachwa 1928, hakuna aliyehitaji kubuni kisingizio kipya. Njia ilikuwa imeshafyekwa na askari. Iliwachukua hadi 1970 kuwapeleka Wamaori, na hata hapo waliingia kwa cheo cha "weupe wa heshima". Cheo gani hicho, jamani?

Mara nyingi simulizi ya aibu hii huanzia 1928. Naomba ianzie 1919. Timu ya jeshi haikuwa All Blacks rasmi, najua, na mwanasheria wenu anaweza kujificha nyuma ya hilo. Lakini fahari ya Kombe la Mfalme mnaihesabu kuwa yenu. Chukueni na deni lake.

Iandikieni familia ya Wilson barua inayomtaja kwa jina, na mfanye vivyo hivyo kwa jamaa za Tureia. Nakala iwekwe hadharani, palepale mnapoandika kuhusu ushindi wa Twickenham.

Wako,
Mpenzi wa raga, Nairobi