Nishani iliyomchelewea Roy Benavidez

Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke Sajini Roy Benavidez, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko. Tarehe 2 Mei 1968, magharibi ya Loc Ninh, Vietnam, alipanda helikopta kwa hiari yake kwenda kuwaokoa wenzake waliozingirwa. Kwa saa sita alipigwa risasi na kuchomwa singe, akapata majeraha 37, lakini akaokoa watu wasiopungua wanane. Walishamtia kwenye mfuko wa maiti, ikabidi amtemee daktari mate ajue yu hai!

Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa wa kijeshi Marekani, alivishwa na Rais Reagan mwaka 1981. Miaka 13! Jeshi lilitaka shahidi, naye alikuja kupatikana Fiji. Kwa nini majeruhi ndiye ahangaikie ushahidi wa ushujaa wake mwenyewe?

Msomaji wenu,
Dodoma