Risala ya Klabu ya Mpira wa Kikapu ya Wasichana kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Msimu wa Michezo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu Sekondari wa Wilaya yetu,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule na wajumbe wako,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wageni waalikwa na wanamichezo wenzetu,

Shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli nyingi za ofisi ukaja kukaa nasi juani pembeni mwa uwanja. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumezoea kwamba risala ya klabu huanza na historia ya klabu, ikafuata idadi ya wanachama, mafanikio, changamoto, na mwisho maombi. Leo tunaomba ruhusa yako tukueleze kwanza habari za mtu mmoja, kwa sababu ombi letu mwaka huu ni moja tu, na limetokana na maisha yake. Mtu huyo ni Dawn Staley wa Marekani, mchezaji na kocha. Jina lake tumeliandika kwa chaki ndani ya mlango wa stoo ya mipira, na kila anayeingia kuchukua mpira analisoma.

Hapa nchini ukitaja mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, wengi wetu tunamkumbuka kaka yetu Hasheem Thabeet, aliyetoka Dar es Salaam akawika katika Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa 2 kwa wachezaji wote walioingia NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, mwaka huo. Tunajivunia sana. Lakini Thabeet ana urefu wa zaidi ya mita 2.2, na kwa sababu hiyo wasichana wengi hujiona hawana nafasi katika mchezo huu hata kabla hawajashika mpira. Dawn Staley ana urefu wa mita 1.68. Humu uwanjani leo wapo wasichana wa kidato cha pili wanaomzidi.

Alizaliwa mwaka 1970 na kukulia kaskazini mwa Philadelphia, katika nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo zilizoitwa Raymond Rosen. Alikuwa kitinda mimba wa watoto watano. Mama yake, Estelle, alitokea jimbo la South Carolina, akahamia Philadelphia angali binti. Dawn alijifunza mpira kwa kucheza na wavulana wa mtaani, na ili mtoto wa kike asitolewe uwanjani ilibidi awe na kitu ambacho wavulana wanakihitaji. Yeye alikuwa na pasi. Aliona mwenzake yuko wazi kabla mwenzake mwenyewe hajajua.

Mwaka 1988 alijiunga na Chuo Kikuu cha Virginia, chini ya kocha Debbie Ryan. Hapo ndipo nyota yake ilipong'aa. Katika miaka minne alifunga pointi 2,135 na kutoa asisti 729, yaani pasi zilizozaa vikapu, akaifikisha timu yake katika nne bora za taifa mara tatu, na mwaka 1991 na 1992 alitunukiwa tuzo ya Naismith ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo. Jezi yake namba 24 ilistaafishwa.

Ubingwa, hata hivyo, hakuupata. Fainali ya 1991 Virginia ilicheza na Tennessee, ikaenda hadi muda wa nyongeza, ikapoteza 70 kwa 67. Staley alifunga pointi 28 na akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano ilhali timu yake imefungwa. Mwaka uliofuata walitolewa nusu fainali na Stanford kwa pointi moja, 66 kwa 65. Enzi zile alikuwa akivaa rababendi mkononi, ile ya kawaida ya kufungia noti, na kila alipopoteza mpira aliivuta na kuiachia ijichape kwenye ngozi. Sisi tumeijaribu mazoezini, na inauma kweli. Nahodha wetu ameivaa msimu mzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, alipomaliza chuo mwaka 1992 nchini kwake hapakuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake. Timu ya taifa ya Olimpiki ya mwaka ule ilimwacha pia. Msichana aliyekuwa bora kuliko wote vyuoni ilibidi afunge mizigo akatafute riziki Ufaransa, Italia, Hispania na Brazili. Alirudi akiwa amekomaa, akaingia katika kikosi kilichotwaa dhahabu Atlanta mwaka 1996, kisha Sydney mwaka 2000, kisha Athens mwaka 2004. Huko Athens ndiye aliyebeba bendera ya Marekani wakati wa ufunguzi, mbele ya wanariadha wote wa taifa lake, wanaume kwa wanawake.

Ligi za wanawake zilipoanza Marekani alichezea kwanza ABL, halafu WNBA kuanzia 1999 akiwa na Charlotte Sting. Mwaka 2001 aliifikisha Charlotte fainali wakafungwa na Los Angeles Sparks. Alimalizia Houston Comets na kustaafu mwaka 2006. Hapo ubingwa wa ligi haukupatikana, na hatuoni aibu kusema hivyo mbele yako, kwa sababu sehemu ya maisha yake iliyotugusa zaidi haihusu kombe lolote.

Mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 29 na bado ni pointi gadi, mchezaji anayeongoza mashambulizi, wa timu ya taifa, Chuo Kikuu cha Temple cha mjini kwao Philadelphia kilimwomba awe kocha mkuu. Hakuwahi kuwa kocha, na mwanzoni alikataa. Baadaye alikubali kwa sharti kwamba ataendelea kucheza. Hilo liliwezekana kwa kuwa WNBA huchezwa majira ya joto na vyuo hucheza majira ya baridi. Basi kwa miaka sita aliishi hivyo: kiangazi anakimbia uwanjani na kupokea maelekezo ya kocha wake, msimu wa baridi anasimama pembeni na filimbi akiwafundisha mabinti ambao wiki chache kabla walikuwa wakimtazama kwenye televisheni.

Tuliposoma habari hiyo tulikaa nayo kwa muda mrefu. Alichokosea Agosti kama mchezaji, alikifundisha Novemba kama kocha. Mabinti wa Temple hawakuwa wakifundishwa na mtu anayesimulia mpira wa zamani. Timu ilishinda mechi 172 na kupoteza 80 katika miaka minane, na mara sita ilifuzu mashindano ya taifa. Sisi tunaamini hakuna kozi ambayo ingemfundisha haraka kiasi hicho, na tunaamini pia kwamba kama Temple ingesubiri astaafu kwanza, huenda ukocha usingempata kabisa.

Mwaka 2008 alihamia Chuo Kikuu cha South Carolina, katika jimbo alilozaliwa mama yake. Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu: walishinda mechi 10, wakafungwa 18, mbele ya viti vitupu. Hakuondoka. Alizunguka mitaa ya Columbia akizungumza na watu, akawavuta wasichana wa jimbo lilelile, akiwemo A'ja Wilson, ambaye baadaye alikuja kuwa mchezaji bora wa WNBA mara nne. Mwaka 2017 walitwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Mississippi State 67 kwa 55. Miaka 26 baada ya ile fainali ya Tennessee, hatimaye alipanda ngazi kukata nyavu. Mama yake alifariki miezi michache baadaye, ameshuhudia. Ubingwa mwingine ukaja mwaka 2022, na mwingine 2024 ambapo timu ilishinda mechi zote 38 bila kupoteza hata moja. Kabla ya hayo mawili, katika Olimpiki ya Tokyo, alikuwa kocha mkuu wa timu ya taifa iliyotwaa dhahabu. Yeye ndiye wa kwanza kupata tuzo ya Naismith kama mchezaji na kuipata tena kama kocha.

Mheshimiwa, kuhusu zile nyavu. Marekani timu ikiwa bingwa hupanda ngazi na mkasi, kila mmoja akakata kipande cha wavu wa ringi akaenda nacho. Mwaka 1999 Carolyn Peck aliipa Purdue ubingwa, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivyo akiwa kocha katika daraja la juu la vyuo. Miaka mingi baadaye, kabla Staley hajatwaa taji lolote, Peck alimpa kipande cha wavu wake akitunze mpaka naye atakapokata wa kwake. Staley alipokata wa kwake, hakuishia kumpa mtu mmoja. Aliugawa wavu wa 2017 vipande vipande, akawatumia wanawake weusi waliokuwa makocha wakuu katika daraja hilo la vyuo nchini kwake. Kamba fupi nyeupe, ndani ya bahasha.

Na mkono huo umefika hadi Afrika Mashariki. Dada yetu Madina Okot wa Kenya, aliyepitia Chuo Kikuu cha Zetech kabla ya kwenda Mississippi State, alihamia South Carolina mwaka 2025 ili acheze chini ya Staley.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba tuseme ya kwetu. Klabu ipo hai. Tunafanya mazoezi jioni baada ya vipindi, tunashiriki UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na mwalimu wetu wa michezo anajitolea kwa moyo wote ingawa ana netiboli, riadha na mpira wa miguu mikononi mwake pia. Ringi ya upande wa mashariki imelegea, lakini wazazi wameshaahidi kuleta fundi, kwa hiyo hatutakusumbua nayo.

Kinachotuuma ni dada zetu. Kila mwaka wanamaliza wasichana wanaoujua mchezo huu vizuri kuliko mtu yeyote hapa wilayani, na wengi wao wanauacha mpira siku ileile wanayorudisha jezi. Wako sokoni, wako nyumbani, wengine wako vyuoni. Tukienda kwenye mashindano, makocha tunaowakuta pembeni mwa uwanja karibu wote ni wanaume. Tunawaheshimu na wametufundisha mengi. Lakini wawili kati ya dada hao wamekuwa wakija Jumamosi kutusaidia bila cheti wala nauli, na hata kwenye benchi la timu hawaruhusiwi kukaa kwa sababu hawatambuliki kama makocha.

Ombi letu ni hili: ofisi yako iwatafutie dada hao wawili nafasi katika kozi ya awali ya ukocha itakayofuata, na iruhusu kila timu ya wasichana ya sekondari wilayani iwe na mchezaji wa zamani wa kike kama kocha msaidizi. Tunaomba pia wachezaji wakubwa wa kidato cha tano na cha sita wapewe filimbi ya kufundisha wadogo zao tangu sasa, wakiwa bado wanacheza. Mkuu wa Shule ameshatukubalia tuanze muhula ujao na wanafunzi wa kidato cha kwanza, na majina ya watakaofundisha tumeyaambatisha katika nakala hii tunayokukabidhi.

Dada zetu hao wawili wapo hapa, wamekaa nyuma ya meza ya vikombe. Tungefurahi ukiwasalimia kabla hujaondoka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.