Salamu za Krismasi kwa Asiyepanda Basi

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, na hasa ninyi tuliofukuzana kwenye uwanja wa kikapu enzi zile, Krismasi njema.

Desemba imeingia, stendi zimefurika. Mabasi ya Moshi na Arusha yanajaa kabla ya kufika, watu wamebeba mchele, vitenge vya kina mama na blanketi la babu, wanakwenda nyumbani kuhesabiwa na ukoo. Mwaka huu mawazo yangu yako kwa wasiopanda basi. Nauli si kikwazo pekee. Yupo ambaye biashara imemfia mikononi, yupo aliyeachishwa chuo, yupo aliyekopa kwa kaka yake na hajarudisha hata shilingi. Anaona aibu kuingia uani mikono mitupu wakati wenzake wanashusha mizigo. Mwaka mmoja nami nilipiga simu nyumbani nikasema nimebanwa na kazi. Kazi sikuwa nayo.

Kwa huyo, salamu zangu za mwaka huu ni kisa cha timu ya kikapu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Georgetown, jijini Washington.

Georgetown ni chuo cha Wajesuti, cha tangu 1789, na historia yake ina doa zito: mwaka 1838 mapadre wa shirika hilo kule Maryland waliuza watumwa 272, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo. Timu yake ya kikapu ni ya zamani. Ilifika fainali ya vyuo mwaka 1943 ikafungwa na chuo cha Wyoming, kisha ikapotea kwenye midomo ya watu kwa miaka mingi. Msimu wa 1971-72 ilishinda michezo 3 na kupoteza 23. Hapo ndipo akaitwa John Thompson awe kocha, Mweusi mzaliwa wa Washington hiyo hiyo, jitu la zaidi ya mita mbili. Alikuwa amekaa benchi nyuma ya nyota Bill Russell katika timu ya kulipwa ya Boston Celtics, kisha akawa kocha wa shule ya sekondari.

Mzee huyu ningeweza kumsimulia hadi kuche. Ofisini kwake aliweka mpira wa kikapu usio na upepo, ili kila kijana aliyeingia ajiulize atabaki na nini siku mpira wake utakapokwisha upepo. Benchi lake lilikuwa na Mary Fenlon, mama aliyewahi kuwa mtawa, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha vijana wanasoma. Na kila mchezo Thompson alikuwa na taulo jeupe begani. Alilivaa kwa kumkumbuka mama yake, aliyekuwa akipika na taulo begani.

Sasa, usiku wa 29 Machi 1982, New Orleans. Fainali, watu zaidi ya elfu 61 ukumbini. Georgetown wana kijana wa mwaka wa kwanza, Patrick Ewing. Wapinzani, chuo cha North Carolina, nao wana wao wa mwaka wa kwanza, Michael Jordan, na ndiye aliyefunga lile goli la sekunde za mwisho: 63 kwa 62. Muda wa kujibu ulikuwepo. Fred Brown wa Georgetown ana mpira, anaona kwa pembeni ya jicho mtu amesimama upande wake wa kulia, anampa pasi. Mtu huyo ni James Worthy wa North Carolina.

Mliocheza mnajua. Jezi zinafanana machoni ukishachoka, mkono unatangulia akili, na mpira ukishatoka hauitiki ukiitwa. Lakini Brown alifanya hivyo mbele ya taifa zima, kwenye fainali, kwa pointi moja.

Kengele ilipolia, Thompson alimvuta kijana wake akamkumbatia. Hakungoja wafike chumbani pasipo kamera. Wote waliokuwa wameiona ile pasi waliona na lile kumbatio, na mimi picha hiyo siichoki. Kocha alikuwa amekosa ubingwa ambao hakuna kocha Mweusi aliyewahi kuupata katika daraja la juu la vyuo vya Marekani. Alikuwa na haki ya kuumia kwanza.

Brown hakukimbia chuo. Alibaki, akarudi mazoezini kuwatazama wenzake usoni. Tarehe 2 Aprili 1984, jijini Seattle, akiwa mwaka wake wa mwisho, Georgetown waliifunga Houston ya Hakeem Olajuwon 84 kwa 75 wakatwaa ubingwa. Thompson akamkumbatia Brown tena. Mwaka uliofuata walifungwa na Villanova 66 kwa 64, na hadi leo hawajapata kombe la pili.

Kutoka nyumba hiyo ndiko alikotoka mchezaji Dikembe Mutombo, aliyekuja kutoka Kinshasa mwaka 1987 akitaka kuwa daktari. Daktari hakuwa, alihitimu isimu na diplomasia, uwanjani akawa ukuta usiopitika, na fedha za kikapu akajengea hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, aliyefariki bila kufikishwa hospitali wakati wa machafuko. Thompson alituacha Agosti 2020, Mutombo Septemba 2024. Mwanga wa milele uwaangazie wote wawili.

Basi wewe uliyeamua kubaki mjini na pazia limefungwa, nakusihi uazime nauli. Ukikosa, nipigie, tutachanga, tumeshachangia mambo madogo kuliko hilo. Na ninyi mtakaompokea, msimuulize amekuja na nini. Mpisheni kwenye benchi, mkatieni ndafu kama wengine, hesabu za madeni zingoje hadi Januari.

Ukishuka, pitia njia ya kihamba, katikati ya migomba, mlango wa nyuma uko wazi. Mama yupo jikoni anakoroga mtori, kanga begani.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya.