Njaa ya Ukraine haikuwa baa

Mhariri,

Kila ifikapo Novemba, vifo vya Ukraine vya mwaka 1932 na 1933 hutajwa tena, na mara nyingi kwa Kiswahili tunasoma “baa la njaa lililoikumba nchi hiyo”. Baa ni nzige, ukame, mafuriko. Waukraini wenyewe wanasema Holodomor, jina lililounganisha njaa na kuua, na wana sababu.

Mavuno ya 1932 yalikuwa haba, ni kweli. Lakini mwaka huohuo Umoja wa Kisovieti, uliokuwa ukiitawala Ukraine, uliuza nje zaidi ya tani milioni 1.5 za nafaka. Kilichoua ni amri, moja baada ya nyingine. Tarehe 7 Agosti 1932 ilitoka sheria ya kulinda mali ya mashamba ya pamoja: aliyeokota masuke aweze kulisha wanawe alikabiliwa na risasi, au kifungo cha miaka 10 akihurumiwa. Wakulima waliiita sheria ya masuke matano.

Novemba zikaja orodha nyeusi. Kijiji kilichoshindwa kutimiza kiwango cha nafaka kilichodaiwa na serikali kilifungiwa duka. Chumvi, kiberiti, mafuta ya taa, vyote vikaondolewa. Juu ya hapo ikawekwa faini ya nyama, sawa na kiwango cha miezi 15. Faini hii husahaulika, nasi tunaiona miongoni mwa amri katili kuliko zote, kwa sababu nyumba iliyokwisha kunyang’anywa nafaka ilibaki ikitegemea maziwa ya ng’ombe mmoja, na sasa naye akaswagwa. Vikosi vya upekuzi vilipita na fimbo za chuma zenye ncha, vikidunga sakafu za udongo, kuta na bustani, kutafuta kilichofukiwa. Viazi na maharage navyo vilibebwa.

Tarehe 22 Januari 1933 Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, na waziri mkuu wake Molotov wakatoa agizo la kuwazuia wakulima wasiondoke Ukraine na Kuban, eneo la kusini mwa Urusi. Tiketi za reli zikasitishwa kwao, na waliokamatwa njiani wakarudishwa vijijini kulikokwisha chakula. Ukame haumzuii mtu kupanda treni.

Wataalamu wa idadi ya watu nchini Ukraine wanakadiria vifo milioni 3.9. Sensa ya 1937 ilipofichua pengo la watu hao ilifutwa, na walioisimamia wakakamatwa. Baadhi yao waliuawa.

Tunaomba gazeti liandike “njaa ya kupangwa”, au Holodomor yenyewe. Kumbukumbu ni Jumamosi ya nne ya Novemba. Saa 10 jioni, saa za Kyiv, watu huwasha mshumaa dirishani.

Wasomaji wenu