Lijamu mliyoniuzia siyo niliyoagiza, na imemjeruhi farasi wangu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: LALAMIKO KUHUSU LIJAMU YA FARASI MDOGO WA GARI NA USHAURI WA HATARI NILIOPEWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi. Hatamu ya farasi wangu, vigwe vyake (kamba ndefu za kumwongozea) na mikanda yake ya kifuani vyote nimenunua kwenu, na sikuwahi kulalamika. Safari hii nimeumia moyo kwa sababu ya lijamu, kile chuma cha mdomoni cha kumwongozea farasi, na aliyeumia zaidi ni mnyama asiyeweza kuwaandikia barua. Naomba muisome hii mpaka mwisho, kwa sababu jibu nililopata mara ya kwanza lilionyesha kuwa aliyenijibu hakusoma zaidi ya mistari miwili.

Farasi wangu ni jike, jina lake Shani. Ni farasi mdogo wa aina ile ambayo urefu wake haufiki mita moja. Yeye ana sentimita 84. Anavuta gari jepesi la magurudumu mawili. Nilimfundisha mwenyewe, kwanza kwa kutembea nyuma yake na vigwe virefu bila gari kwa miezi, kisha nikamzoesha sauti ya magurudumu, na mwishowe nikamfunga kwenye gari. Ni farasi anayesikia neno. Nikisema "simama" anasimama kabla sijagusa vigwe. Nayataja haya kwa sababu mfanyakazi wenu alimwita mkaidi.

Lijamu yake ya zamani ilikuwa ya kiungo kimoja katikati. Kwa miezi ya karibuni nilimwona anapanua mdomo kila nikivuta kigwe kidogo, nikaelewa sababu. Lijamu ya kiungo kimoja ikivutwa pande zote mbili hujikunja kama kibanio, na kile kiungo kinaweza kuelekea juu kwenye kaakaa. Farasi mdogo ana kaakaa la chini na ulimi mnene unaojaza kinywa, kwa hiyo nafasi yenyewe haipo. Nikaamua kumtafutia lijamu ya viungo viwili, yenye kipande kidogo katikati kinacholala juu ya ulimi: ile inayoitwa ya Kifaransa. Kwenye orodha yenu ya bidhaa niliikuta, ikiwa na mikono ya chini kila upande inayozuia pete isipenye mdomoni, kama inavyotumika sana kwa farasi wa gari. Maelezo yenu yalisema mambo matatu: kiungo cha Kifaransa, upana wa sentimita 9, na "inafaa farasi wadogo wote." Hakuna hata moja lililokuwa kweli.

Nianze na upana. Kabla ya kuagiza nilimpima Shani kinywa, sikubahatisha. Nilichukua kijiti chembamba nilichokilainisha ncha, nikakipitisha pale lijamu inapokaa, nikaweka alama kwenye pembe za midomo kushoto na kulia. Ilikuja sentimita 8.5. Ukiongeza milimita mbili au tatu kila upande ili mashavu ya lijamu, yaani vyuma vyake vya pembeni, yasibane midomo, unapata karibu 9. Ndicho nilichoagiza. Kifurushi kilipofika nilikuta mhuri wa 9, lakini baadaye, nilipoilaza lijamu mezani, nikainyoosha na kupima ndani, kutoka shavu hadi shavu, nilipata sentimita 10.5. Nilipima mara tatu. Sijui hiyo 9 ilitoka wapi, ila najua lijamu hupimwa kwa ule urefu wa chuma kinachokaa mdomoni, basi.

Mtu anaweza kusema sentimita moja na nusu si kitu. Kwa farasi mkubwa mwenye lijamu ya sentimita 13 labda angevumilia. Kwa kinywa cha 8.5 ni balaa. Lijamu pana inateleza kushoto na kulia. Ukivuta kigwe cha kulia ili ageuke, chuma chote kinahamia kulia, kile kipande cha katikati kinatoka katikati ya ulimi na kukandamiza upande mmoja tu, na kiungo cha pili kinafika kwenye fizi ile tupu isiyo na meno, mahali ambapo kuna ngozi nyembamba juu ya mfupa. Unene nao ulikuwa milimita 16. Mimi nikipenyeza kidole kimoja pale pale, Shani akiwa amefunga mdomo, kidole kinabanwa. Chuma cha milimita 16 kitakaa wapi?

Sasa kiungo chenyewe, na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Kipande cha Kifaransa ni kifupi, kimeviringwa kingo, kina umbo kama la namba 8, na kimeungwa kwa namna ambayo vigwe vikivutwa kinalala bapa juu ya ulimi. Mlichonitumia kina bamba refu zaidi, lenye pande zilizonyooka, na limeungwa kwa mshazari. Shika lijamu hiyo kwa mashavu yake kama inavyokaa mdomoni, ivute taratibu, utaona bamba linasimama kwa ukingo. Niliikandamiza kwenye kiganja changu nikavuta kwa nguvu ndogo tu, ikaacha mstari mwekundu uliokaa kwa muda. Hiyo ni Dr. Bristol. Ni lijamu nyingine kabisa, kali zaidi, na kazi yake ni kukandamiza ulimi kwa ukingo. Wako wanaoitumia kwa makusudi na kwa mkono mwepesi, siwakatazi. Lakini mtu aliyeagiza kitu cha upole hapaswi kupewa kitu kikali chenye jina la upole.

Mtaniuliza kwa nini nilimvalisha. Nimejiuliza sana swali hilo. Ukweli ni kwamba siku ile sikuliangalia bamba. Niliona vipande viwili vya kiungo na kitu katikati, nikaamini maelezo yenu. Upana niliugundua baadaye, baada ya tukio. Kosa la kutokagua nalibeba, na Shani nimemwomba radhi kwa namna yangu. Kosa la kuandika kisichokuwemo ni lenu.

Tukio lilikuwa hivi. Siku ya kwanza na ya pili alitikisa kichwa, nikadhani anazoea chuma kipya. Siku ya tatu binti yangu alikuwa ameketi pembeni yangu garini. Tulikuwa tunageuka kushoto, nikavuta kigwe kama kawaida, nikiwa nimeshasema "kushoto" kwa sauti. Shani alirusha kichwa juu, akaachama, akautoa ulimi upande na kuupitisha juu ya lijamu, kisha akaanza kurudi nyuma. Farasi akirudi nyuma kwa hofu akiwa amefungwa kwenye gari la magurudumu mawili, gari linajikunja na mti mmoja wa gari unamsukuma ubavuni, naye anazidi kuogopa. Gurudumu la kulia lilizama kwenye mtaro. Binti yangu aliruka chini mwenyewe, akaenda kumshika hatamu na kumsemesha mpaka akatulia. Namshukuru Mungu hakuna aliyevunjika. Nilipomfungua hatamu, mate yaliyotoka yalikuwa na rangi ya damu.

Daktari wa mifugo alimwona siku iliyofuata. Alikagua meno kwanza, maana farasi wadogo wana meno makubwa yaliyosongamana kwenye taya fupi, na mara nyingi maumivu ya jino husingiziwa lijamu. Meno yalikuwa sawa, na lile jino dogo la mbele ya magego, ambalo lijamu hulipiga kwa wengine, Shani hana. Kilichoonekana ni mchubuko mrefu kwenye upande wa kulia wa ulimi, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, na kidonda kwenye fizi tupu ya upande huo huo. Tulikaa wiki tatu bila chuma mdomoni.

Katika wiki hizo ndipo nilipowaandikia mara ya kwanza. Jibu la mfanyakazi wenu ninalo. Alisema farasi wadogo ni wakaidi kwa asili, kwamba lijamu "haina shida", na kwamba kama hatulii ninunue kwenu lijamu iitwayo Liverpool na kufunga vigwe kwenye tundu la chini kabisa.

Nimeandika barua hii hasa kwa sababu ya sentensi hiyo. Ningeweza kurudisha bidhaa na kunyamaza. Liverpool ina mashavu marefu yenye nafasi kadhaa za kufunga vigwe. Ukifunga kwenye pete ya juu, usawa wa chuma cha mdomoni, inafanya kazi karibu kama lijamu ya kawaida. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyoongeza nguvu ya wenzo, na mnyororo wa kidevuni unabana taya kutoka chini huku chuma kikikandamiza ulimi kutoka juu. Tundu la chini kabisa, kwa farasi wa sentimita 84 mwenye kidonda mdomoni, mikononi mwa mtu ambaye hamjawahi kumwona akiendesha! Mngemjua Shani kwa dakika tano msingeandika hivyo. Na mimi ningekuwa mgeni wa mambo haya ningewatii, kwa kuwa ninyi ndio wauzaji na ndio mnaoonekana kujua.

Anayeendesha gari hana miguu ya kumgusa farasi ubavuni, wala hana mwili wa kumwegemea kama aliyepanda mgongoni. Ana sauti, ana fimbo ndefu nyepesi ya kugusia, na ana vigwe. Mazungumzo mengi yanapita kwenye kile chuma. Kikiuma, farasi hana pa kukimbilia isipokuwa nyuma au juu, na vyovyote vile amefungwa kwenye gari.

Kwa upande wa maneno "inafaa farasi wadogo wote", nawaomba myafute. Jedwali lenu linachagua lijamu kwa kimo cha farasi. Kimo kina kazi yake: American Miniature Horse Association, chama cha farasi wadogo huko Marekani, hawaandikishi farasi anayezidi inchi 34, yaani kama sentimita 86, na wanapima penye nywele za mwisho za shingo. Hiyo inakueleza farasi anaingia kwenye daftari gani. Haikuelezi chochote kuhusu kinywa chake. Ninao farasi wawili wa kimo kinachokaribiana, mmoja anavaa 9 na mwingine 9.5, na huyo wa pili hapendi kiungo chochote. Anatulia kwa chuma kimoja kilichopinda kidogo kuuachia ulimi nafasi. Sikusoma hilo kwenye jedwali. Nilimtazama midomo yake akitembea.

Shani amepona. Rafiki yangu aliniazima lijamu ya viungo viwili yenye kipande cha mviringo katikati, upana 9, unene milimita 12. Nilimvalisha zizini bila vigwe, nikakaa naye. Mwanzoni aliishika kwa meno akasubiri, masikio nyuma. Baada ya muda akaanza kutafuna taratibu, povu jeupe likaja kwenye pembe za mdomo, akashusha shingo. Siku nyingi sikuwa nimemwona akishusha shingo namna ile. Sasa tunatembea naye na vigwe virefu bila gari, tumerudi nyuma kama mwanafunzi aliyerudia darasa, kwa sababu akifika kwenye kona ya kushoto bado anasita. Kidonda kimefunga, ila kona hiyo hajaisahau.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe fedha yote ya lijamu pamoja na gharama ya daktari, kwa kuwa nilichopokea sicho mlichokitangaza. Muiondoe bidhaa hiyo sokoni mpaka maelezo yake yasahihishwe: jina lake halisi, upana uliopimwa ndani kati ya mashavu, unene kwa milimita, na picha inayoonyesha bamba la katikati kwa ubavu, maana kwa picha ya mbele tu hakuna anayeweza kutofautisha. Muwaandikie wote walionunua lijamu ya namba hiyo. Hili nalisisitiza kuliko fedha zangu. Kuna watu huko sasa hivi wanaowaita farasi wao wakaidi. Na mfanyakazi aliyenijibu simtakii kufukuzwa kazi. Namtakia afundishwe na mtu anayeendesha gari la farasi, na mpaka hapo asimshauri mteja kuongeza ukali wa lijamu kabla ya kuuliza kama kinywa kimekaguliwa.

Nimeambatanisha risiti, picha za lijamu ikiwa kwenye rula, picha ya ulimi wa Shani siku ile, maelezo ya daktari na nakala ya jibu lenu la kwanza. Lijamu yenyewe ninayo, nimeifunga kwenye boksi lake, na nitaituma mara mtakaponipa utaratibu wa kuirudisha kwa gharama yenu. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Nisipolipata, nitalipeleka suala hili kwenye chombo kinacholinda haki za walaji, nikiwa na vielelezo hivi hivi.

Wenu katika kutafuta haki,

Mteja wenu, mmiliki wa Shani