Ukaguzi wa msimbo wa kerneli uhesabiwe katika masomo ya vyuo vikuu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu namna vyuo vikuu vyetu hapa Uganda vinavyowaandaa wataalamu wa kompyuta. Wengi hushikilia kwamba mhitimu apimwe kwa programu aliyoitengeneza mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaiacha nje kazi ambayo kila simu ya Android inayouzwa Kampala Road inaitegemea: kusoma mabadiliko yaliyoandikwa na mtu mwingine katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachoviongoza vifaa na kumbukumbu ya kompyuta, na kuamua kama yapokelewe au yarudishwe kwa mwenyewe. Nitachukua eneo moja tu, yaani msimbo unaosimamia mabasi ya vifaa, kwa kuwa ndiko makosa madogo yanakojificha vizuri kuliko kwingine.

Basi, kwa maana hii, ni njia ya pamoja ambayo vifaa huunganishwa nayo: PCI kwa kadi zilizo ndani ya kompyuta, USB kwa modemu na flashi, I2C kwa vihisio vidogo vya simu. Tangu toleo la 2.6 lilipotoka Desemba 2003, Linux imekuwa na utaratibu mmoja unaoyaongoza yote, ambapo kila basi hueleza namna ya kukioanisha kifaa na draiva yake (programu inayokiendesha), namna ya kukianzisha, na la kufanya kinapoondolewa. Kwa sababu utaratibu ni mmoja, kiraka, yaani badiliko la msimbo lililotumwa likaguliwe, cha mistari mitano pale katikati huzigusa draiva nyingi ambazo aliyekiandika hajawahi kuziona.

Kwa miaka mingi fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) inayoitwa kifaa kinapoondolewa kwenye basi ilikuwa inarudisha namba, na mwandishi wa draiva aliweza kudhani kwamba akirudisha namba ya kosa amezuia kifaa kisiondoke. Sehemu ya kati ya kerneli haikuijali namba hiyo, na sioni ingeijali vipi, maana modemu ya USB ikishachomolewa kwenye laptopu imechomolewa. Draiva iliyokatiza usafishaji wake njiani, ikitumaini kwamba itaitwa tena, haikuitwa, na kumbukumbu iliyokuwa imeishika haikuachiliwa. Mwaka 2021 namba hiyo ilifutwa katika mabasi yote kwa badiliko moja. Kwa macho ya haraka badiliko lile linachosha, kwani karibu kila ukurasa unafuta sifuri ileile, yenye maana ya "hakuna kosa". Kazi ya mkaguzi ilikuwa kutafuta mahali ambapo kilichorudishwa hakikuwa sifuri, kisha kuuliza draiva ile ilitarajia nini.

Mfano wa pili ndio ningependa kila mhadhiri auweke mbele ya wanafunzi. Draiva inapotaka kukiandikisha kifaa huita device_register, ambayo hukianzishia kifaa hesabu ya wanaokitumia na baadaye kukiongeza kwenye basi lake. Uandikishaji ukishindikana, mwandishi mgeni hufanya linaloonekana la busara, yaani kuifuta kumbukumbu moja kwa moja kwa kfree. Hilo ni kosa, na maelezo yaliyo juu ya fanksheni hiyo yanalikataza waziwazi: hesabu imeshaanza, kwa hiyo kifaa kiachiliwe kwa put_device tu, fanksheni inayoipunguza hesabu hiyo. Ukikifuta kwa mkono, jina lake, ambalo limetengewa kumbukumbu mbali na kifaa chenyewe, hubaki bila mwenyewe. Na kama kuna sehemu nyingine ya kerneli iliyokuwa bado imekishika, itakuja kusoma kumbukumbu ambayo imeshagawiwa kwingine.

Sasa anakuja mtu mwema na kiraka cha kurekebisha, anaongeza put_device, na wasomaji wanaharakisha kumshukuru. Lakini put_device hesabu inapofika sifuri huita fanksheni ya kuachilia iliyoandikwa na mwenye basi, na mara nyingi fanksheni hiyo tayari inaifuta kumbukumbu ileile. Kama kfree ya zamani imeachwa mistari michache chini, kumbukumbu inafutwa mara mbili, na kilichokuwa uvujaji mdogo wa kumbukumbu kinageuka kuwa tundu la usalama. Kiraka kwa kawaida huonyesha mistari mitatu tu juu na mitatu chini ya badiliko, ilhali fanksheni ya kuachilia huenda imo katika faili jingine kabisa. Anayesoma kiraka peke yake hataliona tundu hilo.

Majaribio ya kawaida nayo hayasaidii sana hapa, kwa kuwa njia hii ya kushindwa hupitwa kwa nadra mno. Kerneli ina chombo cha kulazimisha utengaji wa kumbukumbu ushindwe, na kingine, KASAN, kinachopiga kelele kumbukumbu iliyofutwa inapoguswa, lakini lazima kwanza awepo mtu aliyeshuku mahali pa kuvielekeza. Mwaka huohuo wa 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walizua mgogoro mkubwa kwa kuwa walikuwa wamewapelekea wasimamizi wa Linux viraka vyenye kasoro za makusudi ili kuupima ukaguzi. Binafsi nawalaumu kwa njia waliyotumia, ila swali walilouliza lilikuwa halali.

Kwa nchi yetu kazi hii ina faida ambayo haisemwi. Viraka vya Linux hutumwa kwa barua pepe za maandishi matupu, kwa hiyo mwanafunzi wa Gulu au Mbarara anaweza kuvisoma kwa bando dogo, na hata umeme ukikatika anaendelea kwenye simu. Kujenga kerneli nzima, yaani kuugeuza msimbo wake uwe programu inayoendeshwa, kwenye laptopu dhaifu ndiko kunakochosha, ingawa faili moja la draiva halichukui muda.

Naviomba vyuo vikuu, kikiwemo Makerere, viruhusu mradi wa mwaka wa mwisho uwe ukaguzi wa viraka halisi badala ya programu mpya ya simu, na mwanafunzi apewe alama kwa kuonyesha mstari ambao mwandishi wa kiraka hakuugusa, kisha aeleze kwa nini alipaswa kuugusa.

Msomaji wako,
Mhandisi wa programu, Kampala