Nina shida na pumba za kaka yako

Mambo shoga,

Najua utasema leo ndio umenikumbuka, na kweli nina shida, ila za nyumbani kwanza: watoto wazima, mvua mpaka basi, mama anakusalimia na anauliza beseni lake. Haya.

Nataka majivu ya pumba za mpunga. Usicheke kwanza.

Si nimeacha kununua glezi, ile ya kupaka vyombo ving'ae kama kioo, bei yake siku hizi mpaka uuze figo, nikasema huku Moshi migomba kibao, nachoma mwenyewe. Nimekausha majani na magome wiki tatu, nikachoma, nikachekecha, nikaloweka majivu kwenye ndoo. Yale maji ya juu Zai yanateleza mkononi kama sabuni, nikajiona fundi, kesho yake ngozi ya vidole inabanduka kama kitunguu. Sasa navaa glavu. Nikachanganya nusu majivu nusu udongo, nikapaka vikombe nane, nikapeleka kwenye tanuru la gesi la watu, maana hili letu la kuni na majani hata 900 halifiki na majivu yanataka kama digrii 1,250.

Kufungua, lahaula! Glezi imeshuka kama uji uliofurika, vikombe saba vimegandana na shelfu, na shelfu sio yangu. Mwenyewe hadi leo hapokei simu.

Kumbe jivu la mgomba limejaa potashi, linayeyuka kwa fujo, silika, yale madini ya mchanga wa kutengenezea kioo, ya kulishikilia ni kidogo. Jivu la pumba za mpunga ndio kinyume, karibu asilimia 90 silika tupu, peke yake haliyeyuki hata uligombeze. Nataka niwaozeshe hao wawili.

Maana kile kikombe kimoja kilichopona... tone limekwama juu kidogo ya kitako, kijani kama chupa ya soda, ukiliweka kwenye mwanga unaona vipovu ndani. Ndio limenitia wazimu. Na zile hela za shelfu sijui natoa wapi.

Sasa kaka yako bado ana mashine pale Ubaruku? Pumba anawapa wa matofali au zinalala tu? Anaweza kunichomea juu ya bati, sio mchangani, mpaka jivu liwe jeupe? Likiwa jeusi bado lina mkaa. Gunia moja basi wanachaji ngapi mpaka huku? Na yule jamaa wa Chunya iliishaje, mbona umenyamaza?

Mama Nuru